Bibi kwa Kiswahili cha Bunia

Bunia, Nyakasanza, 8 Septemba 2024

Bibi yangu mdogo Nadège,

Nimekuficha ugonjwa tangu Pasaka. Ni kansa ya prostate, na madaktari wa Nyankunde wamekwisha kunipasua. Hili nimeliandika kwanza, kabla ya salamu, kinyume cha nilivyokufundisha, kwa sababu najijua. Ningeanza na salamu ningefika chini ya ukurasa nikikuambia kwamba niko salama.

Sasa salamu. Baba yako mdogo Claude hajambo. Gari lake limekufa tena, ila yeye anasema halijafa, limelala. Mvua imeanza vizuri na maharagwe ya uani yameota. Watu wetu wa Djugu waliojaribu kurudi kulima wamerejea tena Bunia bila kuvuna. Walikuja kunisalimu, tukaimba wimbo mmoja, wakarudi kambi ya waliokimbia vita. Kaburi la koko yako Monique, marehemu mke wangu, nimelipalilia.

Kuhusu simu unajua mwenyewe. Masikio yangu yamebaki kwa sauti za karibu tu. Kwa simu ninasikia upepo, halafu Claude anapiga kelele maneno yako chumbani mpaka mtaa mzima unajua. Ndiyo maana barua hii inapanda na Mbusa, ambaye bado anafuata mali Kampala na huko kwenu Mwanza.

Niliwaambia watu kwamba ninakwenda Nyankunde kumtembelea mwalimu mwenzangu wa zamani. Nilipofika hospitali, muuguzi akauliza garde-malade wangu ni nani. Unaijua desturi ya kwetu, mgonjwa lazima aje na mtu wa kumpikia, kumfulia na kumshika mkono akienda nje. Nikasema yuko njiani. Kesho yake akauliza tena, nikasema bado yuko njiani. Akaniambia:

— Muzee, huyo mutu wako anatembea na magoti?

Benchi lote likacheka. Pale kwenye benchi alikuwepo mama mmoja aliyekuwa akimwuguza wifi yake. Anaitwa Mama Jeannine, mjane, mtu wa Beni aliyehamia Bunia, anauza maharagwe sokoni. Yeye hakucheka. Alinitazama kidogo, akasimama, akamwambia muuguzi neno moja, nikaandikishwa. Ndiye aliyenipikia uji mpaka niliposhonolewa. Na tangu turudi Bunia anapita hapa akitoka sokoni, ananiwekea sufuria jikoni, anaondoka jua likiwa bado juu, maana ni mtu wa heshima.

Nilikuwa nimepanga kufa kimya kimya, Nadège, nisimsumbue mtu. Siku hizi nimejikuta ninauliza bei ya rangi ya ukuta.

Usimwambie Claude bado. Na usilie darasani, wanafunzi hawasahau mambo kama hayo.

Koko wako na bwana yako mzee,
Athanase


Mwanza, 13 Oktoba 2024

Koko, bwana yangu mwongo,

Shikamoo, na marahaba sitaki, nimekasirika. Mimi ni mzima. Shule inaendelea, wanafunzi wangu wa kidato cha pili bado wanatamka Kifaransa kana kwamba wana viazi vya moto mdomoni. Ziwa limetulia. Bibi mwenye nyumba yangu ananiamsha kila asubuhi kuniuliza kama nimekunywa chai, halafu ananipa chai hata nikisema ndiyo. Aliniona nikisoma barua yako mlangoni, akaenda kuniletea kiti. Sikulia darasani. Nililia hapo kwenye kiti.

Tangu Pasaka. Siku ya Pasaka nilikupigia, ukaniambia kwa kelele kwamba umekula kuku. Ulikula kuku kweli? Sasa sijui nianze kukuamini wapi.

Wewe ndiye uliyenilea baada ya baba na mama kututoka. Nilipozaliwa, mjukuu wa kike, watu walikuja kukupongeza, «Muzee, umepata bibi mupya», na mpaka leo mimi ndimi bibi yako mdogo, si Claude. Kwa hiyo nina haki ya kujua kabla ya benchi zima la Nyankunde. Mwambie Claude. Usipomwambia hadi mwisho wa mwezi ujao nitamwambia mimi, na unajua sauti yake ilivyo.

Shule inafungwa mwanzoni mwa Desemba. Nitakuja Krismasi. Nimekwisha kuomba ruhusa. Nitalala chumba changu kile, na nyumba nitaikuta kama ilivyo, sawa? Sitaki rangi. Ukuta wa koko Monique uache.

Huyo aliyekuuguza nimemfikiria sana. Bibi mwenye nyumba anasema mtu wa namna hiyo hutumwa. Basi nisalimie bibi. Mwambie bibi nimempokea kwa mikono miwili, na asichoke nawe, maana mimi nimekuzoea lakini wengine huwa wanakimbia. Nikifika, wa kwanza kumkumbatia atakuwa bibi, wewe utangoja zamu yako.

Kula. Si kwa maneno.

Nadège wako


Bunia, 24 Novemba 2024

Bibi yangu mdogo,

Ninakusalimu katika jina la Bwana. Claude anakusalimu, nimekwisha kumwambia. Alitoka akaenda kulala chini ya gari lake akijifanya analitengeneza. Mke wake alimpelekea chakula huko huko chini. Tangu siku hiyo anakuja kila asubuhi kuniuliza kama nimelala vizuri, na hasikilizi jibu.

Barua yako Mbusa aliileta ikiwa na harufu ya samaki, lakini haikulowa. Salamu zako kwa Mama Jeannine nilimsomea neno kwa neno kama ulivyoziandika. Amefurahi. Amekushukuru.

Mimi ninachomwa sindano, na zinanifaa. Ninakula. Wiki iliyopita nilitembea mpaka soko kuu, polepole, kwa fimbo, nikakaa nyuma ya meza ya Mama Jeannine nikamwangalia akiuza. Mteja mmoja alimwuliza kama maharagwe yake yanaiva haraka. Akamjibu:

— Haya maharagwe, mama, ukiweka tu kwa moto ukageuka kutafuta chumvi, inakuta iko tayari inakungojea.

Mteja akanielekezea kidole, akauliza:

— Na huyu muzee, naye iko inauzishwa?

— Huyu bado anaiva, akasema.

Nilicheka mpaka mshono ukauma. Tangu koko yako aondoke sijacheka namna hiyo, na ninakuandikia jambo hilo kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwandikia. Unajua nilivyompenda Monique. Kupenda huko hakujapungua. Nilidhani moyo wangu ni chumba kimoja na yeye amefunga mlango alipotoka. Kumbe kuna ua nyuma, sikuwa nimewahi kufika.

Kiti cha koko yako nimekitoa nje kwa fundi, mguu ulikuwa unalegea.

Kuhusu Krismasi, Nadège, usije. Barabara ya Mahagi, ya kuja huku toka Uganda, imefungwa, hali si nzuri, magari hayapiti. Sitaki kukaa kitandani nikihesabu vituo vyako. Utakuja Pasaka, au likizo kubwa, barabara ikifunguliwa. Mimi nitakuwepo.

Koko wako,
Athanase


Mwanza, 19 Januari 2025

Koko,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Mimi ni mzima, bibi mwenye nyumba ni mzima, samaki wamepanda bei.

Krismasi nilikula hapa Mwanza. Nilikaa ndani nikipanga daftari za wanafunzi kwa rangi, kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa. Barua yako ya kuniambia hivyo aliniletea Mbusa, ambaye alikuwa ametoka Bunia juma lile lile kwa barabara hiyo hiyo. Nilimwuliza alipitaje. Akatazama viatu vyake, akasema alikuwa na bahati.

Halafu siku ya mwaka mpya nikampigia Claude, akanipongeza. Nikamwuliza, pongezi za nini? Akasema, «Za arusi ya muzee.» Nikafikiri ni utani wake. Akasema Jumamosi kabla ya Krismasi pasta aliwabariki, wewe na Mama Jeannine, kwaya ikaimba, ulivaa suti ya kustaafu. Akasema Mama Jeannine alisimama mbele ya watu akasema kwamba yeye ni mjane mwenye heshima, asingeingia nyumba hiyo kama mtoto uliyemlea hakubali, na kwamba mtoto huyo amekubali kwa barua.

Koko, nimekubali nini? Nimeandika wapi? Nimetafuta kichwani mwangu kila neno nililokutumia. Nilimsalimu mtu aliyekupikia uji, basi. Au salamu siku hizi ni sahihi ya ndoa?

Sisemi ni mwanamke mbaya. Simjui. Hilo ndilo linaloniuma, simjui, na watu wote wa Nyakasanza wanamjua, na mimi ninayeitwa bibi yako mdogo niliambiwa na Claude, kwenye simu, katikati ya habari za gari.

Na kiti cha koko Monique kimerudi kutoka kwa fundi?

Nijibu. Usiniambie habari za mvua.

Nadège


Bunia, 16 Februari 2025

Nadège mpenzi,

Nimepokea barua yako. Ninakusalimu sana. Sote tu wazima. Mgongo unaniuma kidogo, nadhani ni kulala vibaya.

Kiti kimerudi, kiko mahali pake. Hakuna anayekikalia.

Ni kweli tulibarikiwa. Mengine nitakuandikia nikipata nguvu ya kuandika vizuri. Usimkasirikie Mama Jeannine kwa lolote, alisema alichoamini.

Koko wako


Mwanza, 9 Machi 2025

Koko, shikamoo.

Leo marahaba unaweza kuitikia.

Nimekwisha kulipata neno. Nilimpigia Claude tena nikambana: barua ilisema nini hasa? Akasema, «Ulimwita bibi. Muzee alitusomea siye wote, hata pasta. Uliandika, mwambie bibi nimempokea.» Nilikuwa nimesimama dirishani. Nje, bibi mwenye nyumba alikuwa anasugua sufuria, na mtoto wa jirani akapita akasema, «Shikamoo bibi,» kama kila mtu wa mtaa huu anavyomwambia, kwa sababu hapa bibi ni mama mzee yeyote wa kuheshimiwa, si mke kama huko kwetu. Nikakaa chini sakafuni. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, na nilipomaliza kucheka nikaona kwamba ninalia.

Kwa hiyo nilimwozesha bwana yangu mwenyewe kwa neno moja, bila kujua.

Nimekaa na jambo hili wiki mbili kabla ya kuandika. Kuna kitu nami sikuwahi kukuambia. Tangu tulipomzika koko Monique sijarudi, na kila mara nimekupa sababu: shule, pasi, nauli. Sababu ni kwamba mbali huku, nyumba ile kwangu bado ina yeye ndani. Anasonga fufu, anakugombeza kwa majivu ya kiko. Nilitaka ibaki hivyo kwa ajili yangu, wewe ukiwa ndani peke yako na ukuta wenye moshi, mgonjwa, bila garde-malade. Nilipoliandika hilo kwenye karatasi nililiona lilivyo baya.

Hicho ulichosema cha ua nyuma ya moyo nimekisoma mara nyingi.

Msomee Mama Jeannine mstari ufuatao kama ulivyo, usiongeze, usipunguze, usitafsiri:

Mama Jeannine, mimi Nadège mwezi wa kumi nilikuita bibi kwa Kiswahili cha Mwanza, yaani mama mzee ninayemheshimu. Sikuwa na habari kwamba kuna ndoa. Koko hakukueleza, na mimi sikuwepo. Leo ninalisema tena, kwa Kiswahili cha Bunia, macho wazi: wewe ni bibi ya koko yangu. Kama bado unamtaka, mwongo huyo.

Kwa upande wangu, katika ukoo wetu bwana akileta mwingine, mjukuu hupewa kikwembe cha wivu, kitenge cha kumtuliza. Ninakidai. Si cha rangi ya kahawia.

Sasa swali langu, Koko. Wewe ulisoma Tabora ujanani. Umefundisha lugha maisha yako yote, umenichapa kwa ajili ya ngeli. Ulipomsomea neno lile, ulijua nilimaanisha nini? Nijibu kwa neno moja.

Nitakuja Pasaka. Sitauliza habari za barabara.

Bibi yako mdogo, bado,
Nadège


Bunia, 6 Aprili 2025

Bibi yangu mdogo Nadège,

Marahaba, mara nyingi. Claude anakusalimu. Gari limeamka, amelipaka rangi ya kijani, na sasa linakataa kurudi nyuma. Linaenda mbele tu. Anasema ni imani. Mvua ya mwezi huu ni ya upole. Mbusa anangoja barua hii sebuleni na anakunywa chai ya pili.

Mwandiko umebadilika, utaona. Ninaandika nimelala. Mama Jeannine ananishikia ubao, ule wa kukunia muhogo. Haukuwa mgongo wa kulala vibaya. Ugonjwa umeingia mifupani, na daktari wa hapa alipotazama picha aliniuliza kama nina watoto wa mbali. Nilielewa. Sina hofu kubwa, labda asubuhi kidogo, kabla ya chai. Mwaka jana nilikuwa tayari kufa kwa sababu sikuwa na la kufanya kesho yake. Safari hii sitaki, na huku kutotaka, mwanangu, ni zawadi niliyopewa uzeeni. Rangi ya ukuta ni ya maziwa. Ukuta wa jikoni sikuugusa, moshi wa Monique uko palepale.

Nitajibu swali lako, ila nivumilie, sijawahi kujibu kwa neno moja tangu nizaliwe.

Pale Nyankunde kwenye benchi, muuguzi alipomwuliza Mama Jeannine, «Weye uko nani yake?», alisema:

— Niko bibi yake.

Ndilo neno ambalo sikukuandikia. Tulipobaki wawili akainama, akaniambia:

— Muzee, unisamehe. Nilidanganya juu bakupokee.

Nikamsamehe. Halafu nililala kitandani nikisikitika kwamba alikuwa amedanganya.

Tuliporudi Bunia nilimwomba kweli. Alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka. Akasema, «Miye siwezi kuingia nyumba ya batu kama paka, kwa dirisha. Huyu mutoto mwenye ulilea, yeye aseme. Akikataa, nitakupikia tu mpaka Mungu atakuita, na siku ya kilio nitakaa nyuma na majirani.» Nilipaswa kukuandikia siku hiyo hiyo. Nilianza mara kadhaa. Niliogopa hapana yako, Nadège, kwa sababu najua jinsi unavyompenda Monique, na hapana yako ningeitii.

Ndipo Mbusa akaleta barua. Mama Jeannine alikuwa hapa anachambua maharagwe, mawe anatupa uani. Nilimsomea habari za chai na za viazi vya moto, akacheka. Nilipofika kwenye «mwambie bibi nimempokea kwa mikono miwili», mikono yake ikasimama.

— Soma tena pale.

Nikasoma.

— Mutoto aliandika vile? Bibi?

— Ndiyo. Aliandika bibi.

Hapo palikuwa na nafasi, ndefu kama ya mtu kuvuta pumzi. Mama aliyenipangisha Tabora nilimwita bibi kila siku iendayo kwa Mungu. Nilikuwa nimelifundisha neno hilo kwa wanafunzi: huku hivi, kule vile. Alikuwa ananitazama, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo sijui kuiandika. Nikakunja barua.

Akasema:

— Basi, kama mwenye nyumba mwenyewe amefungua mulango, miye nitakataa juu ya nini?

Jibu lako ni hili: nilijua.

Mstari wako wa mwezi wa tatu nimemsomea juzi, kama ulivyo. Sikuongeza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, «Na weye ulijua?» Nikasema nilijua. Akavaa viatu vyake, akachukua kikapu, akaenda kwa wifi yake bila kuniaga. Claude alinipa chakula siku ile, na nikakumbuka kwa nini mke wake hamruhusu kupika. Jana akarudi. Aliweka kikapu chini, akasimama mlangoni, akasema:

— Nilikuwa natafuta kikwembe ya mutoto. Ya kahawia ilikuwa mingi, ile ingine ilinipoteza wakati.

Nikamwuliza kama amenisamehe. Akasema:

— Weye nitakugombeza polepole, iko na wakati. Mutoto alisema na mudomo yake, macho wazi. Ile ndiyo nilikuwa natafuta tangu mwanzo. Ungeniambia, ningengoja.

Angengoja. Nilidhani mimi ndiye sina muda wa kungoja.

Kikwembe ni cha buluu, chenye ndege. Kiko juu ya kitanda chako. Ukinikuta, utakivaa tucheke. Usiponikuta, Mama Jeannine atakufungulia mlango. Mkalishe kwenye kiti cha Monique. Mimi sikuthubutu kumkalisha, na yeye hawezi kujikalisha. Ila wewe ukimwambia akae, atakaa. Mwite bibi, kwa Kiswahili chochote kitakachokujia.

Nilitaka kutia sahihi hapa. Yeye ndiye anayenishikia ubao, na amesoma mpaka mstari huu.

— Umemwandikia na ile ya barabara?

— Bado.

— Basi barua haijaisha.

Nimemwambia kwamba Mbusa anangoja. Amesema Mbusa aongezewe chai.

Mwezi wa kumi na mbili, Nadège, pasta angeuliza kanisani kama wa nyumbani wamekubali, kama anavyouliza daima, na ungekuwa umekaa benchi la mbele. Angekugeukia wewe. Nawe ungeuliza, kukubali nini? Mama Jeannine angechukua kikapu chake mbele ya kwaya. Niliona hayo yote kabla ya kushika kalamu. Nikajiambia kwamba nikupate wewe Krismasi hii au nimpate yeye, na kwamba wewe nitakupata tena, kwa sababu nilikuwa ninachomwa sindano na nilikuwa ninakula. Nikakuandikia usije.

Mbusa hakuwa na bahati yoyote. Mabasi ya Kampala yalifika kila siku yamejaa, watu wakashuka na mabegi na kuku, wakaenda kula Krismasi kwa wazee wao. Nilikuwa nawasikia wakipita nje ya ukuta wetu wa rangi mpya, hata mimi kwa masikio haya.

Barabara ya Mahagi ilikuwa wazi.